Kamba ya Mama na Kiti cha Gari

Wenzangu wa ofisi ya walimu, mmeniuliza sana. Mliniona naondoka Korogwe kwa basi shule zilipofungwa, nikawaaga kwa mbwembwe kwamba nitarudi na gari, na mama yangu akiwa ndani yake. Nimerudi na gari, kiti cha mbele kitupu, na kila anayenikuta kwenye chai ananiuliza mama yuko wapi. Nimechoka kujibu nusu nusu, na nusu yenyewe inaniuma. Kaeni basi niwasimulie yote kwa mkupuo mmoja, halafu mniache nisahihishe madaftari.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, yuko Mloka, huko Rufiji, kijiji ambacho tembo wanakijua kuliko wapiga kura wake. Mimi nimekaa Korogwe miaka kumi na minane. Nimejenga, nimepanda mchungwa ukazaa, na mama hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu. Kila nikimwita, jibu ni magoti. Ngazi ya basi iko juu mno, magoti. Teksi iko chini mno, akikaa hainuki, magoti. Mwisho nikamwambia, "Mama, nitanunua gari ambalo kiti chake hakiko juu wala chini, na nitakuja kukuchukua mwenyewe." Akacheka kwenye simu. "Haya, mwanangu. Likipatikana."

Korogwe hadi Dar es Salaam

Kabla ya kuondoka nilimpigia mdogo wangu Athumani, anayeishi na mama. Nikamwambia apime kitanda cha mama kutoka sakafuni hadi pale anapokalia, maana kitanda ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika anainuka juu yake bila kushikwa mkono. Sentimita sikuzitaka. Athumani na rula hawajapatana tangu darasa la pili. Akakata uzi wa nyavu, akafunga fundo kitanda kilipoishia, akampa msafiri, na uzi ukanifikia ndani ya bahasha inayonuka samaki wa moshi.

Uzi huo ndio uliokuwa kipimo changu. Basi letu lilipasukiwa tairi karibu na Chalinze, tukakaa saa mbili, na kwa kukosa la kufanya nikapima kila kitu: kiti cha basi, benchi la muuza chipsi, hata ndoo iliyopinduliwa. Jirani yangu wa kiti, baba mmoja mwenye kofia ya kiua, akaniuliza kama nafundisha ufundi wa makochi. Nikamwambia napima magoti ya mama yangu.

Akamenya chungwa, akanipa nusu. "Wangu hayupo tena," akasema. "Wewe pima vizuri."

Tulikula lile chungwa tukitazama tairi linavyofungwa.

Dar es Salaam: gari jipya

Asubuhi nilikwenda kwenye duka la magari mapya. Mnayajua hayo magari yaliyojaa mjini siku hizi, si saluni ya chini na si jeep. Yamenyanyuka kidogo kutoka ardhini, mafupi ya kuegesha penye msongamano, yana milango minne na mlango mkubwa wa buti. Hicho ndicho kimo nilichokitaka. Muuzaji, bwana mmoja mwenye tai nyekundu, alinifungulia mlango, ikanipiga harufu ya upya ambayo sijawahi kuwa nayo kwenye kitu chochote changu isipokuwa sare za shule.

Nilitoa uzi. Nikakanyaga ncha yake sakafuni kwa kidole gumba, nikauvuta juu hadi ukingo wa kiti. Fundo likagusa palepale, si juu si chini. Machozi yalinilengalenga, nawaambia ukweli. Nilimwona mama amekaa pale, ameshika mkoba wake wa ukindu mapajani, anaangalia nje.

Yule bwana wa tai alikuwa anaangalia uzi. "Mama, samahani. Hicho ni nini?"

"Cha kupimia."

"Mama ni wa wapi?"

"Rufiji."

Akarudi nyuma hatua moja kamili. Akatoa mkono wake kwenye mlango taratibu. "Mama yangu, sisi hapa tunauza tu. Hatuna ubaya na mtu."

Nilicheka hadi nikashika boneti. Nikamweleza habari za magoti, akacheka na yeye, lakini tangu hapo uzi ule ulipomkaribia alikuwa anainua mguu. Wenye asili ya Rufiji tumeshazoea kudhaniwa wachawi. Ukitaka kuheshimiwa kwenye foleni mjini, taja kwenu.

Tulitoka nalo kidogo barabarani. Sina la kulisingizia gari lile. Lilikuwa kimya, baridi lake la ndani lilikuwa la kweli, na kioo cha katikati, kama cha runinga, kilinionyesha nyuma kila nilipoingiza gia ya kurudi. Lilipokaribia bodaboda lililia lenyewe, likipita tuta halikulalamika. Nikamwambia nataka kulijaribu kwenye udongo. Akasema la majaribio halitoki kwenye lami. Nikamwomba anionyeshe tairi la akiba. Akanyanyua zulia la buti, nikaona kitairi chembamba, tairi la kuombea dua.

"Hiki kinafika wapi?"

"Hadi gereji ya karibu, mama."

"Gereji ya karibu na Mloka iko Kibiti."

Akafikiri. "Kibiti ndiyo wapi?"

Nilimshukuru, nikachukua karatasi zake. Moyo wangu ulibaki kwenye kile kiti.

Mbagala: mtumbwi mkuukuu

Gari la pili lilikuwa la Mzee Shomari, mwenyeji wa visiwa vya huko delta, aliyehamia Mbagala miaka mingi iliyopita. Ni gari la jamii ileile, ila limeshakula chumvi ya miaka. Plastiki za bampa zimepauka, dashibodi ina ufa, na mlango wa nyuma haufungi mpaka uupige kama una kisa nao. Lilikuwa limeoshwa mpaka matairi yanang'aa. Mzee alikuwa amesimama kando yake amevaa kanzu, siku ya kazi.

Nikatoa uzi. Kiti kilikuwa chini ya fundo kwa vidole vinne. Nikapima mara ya pili, nikapima na kiti cha upande wa pili. Vidole vinne vilevile.

"Mzee wangu, gari zuri, lakini halitamfaa mama," nikamwambia. "Ataingia, kutoka hataweza."

Hakubishana. Akauangalia ule uzi kwa karibu sana, karibu na pua. Macho yake yana mtoto wa jicho. Daktari ameshamwambia aache usukani, na ndiyo maana anauza. Akasema, "Mwalimu, kwetu visiwani mtumbwi mkuukuu haununuliwi ukiwa umeegeshwa. Muuzaji na mnunuzi wanapanda wote wawili, wanavuka mpaka ng'ambo. Muuzaji akikwambia nenda tu mimi nakungoja hapa, basi huo mtumbwi una jambo. Sasa wewe niambie. Ng'ambo ya gari hili ni wapi?"

"Mloka."

"Basi twende Mloka. Mama mwenyewe akilikataa, nitarudi nalo."

Sikuwa na sababu ya kukubali. Lakini hakuna mtu mwingine aliyejitolea kunifikisha kwetu siku ile, na nilikuwa na hamu ya kumwona mama. Nikapokea ufunguo.

Mbagala hadi Kibiti

Kuendesha gari huku mwenyewe amekaa kando yako ni mtihani. Mzee Shomari alikanyaga breki isiyokuwepo upande wake kutoka Kongowe hadi Mkuranga. Kila gari lilipotupita alisema "mwache, mwache," na tuta likikaribia alishika mpini wa mlango.

Ila kuna jambo moja sikuwahi kuliona kwa muuzaji yeyote. Alikuwa anataja kila kasoro kabla haijatokea.

"Tukipita tuta hili utasikia ngo, ngo. Shokapu ya nyuma kushoto."

Ngo, ngo.

"Ukizidisha mwendo hapa usukani utatetema kidogo. Ukipunguza, unatulia."

Ukatetema. Nikapunguza, ukatulia. Nilikuwa na daftari dogo, tukisimama naandika: shokapu, usukani, mlango wa nyuma, kioo cha dereva kinashuka ila kupanda kinahitaji kusaidiwa na kiganja. Kwa upande wa pili niliandika kwamba injini haikubadilisha sauti hata kwenye vilima, mafuta yalishuka kidogo mno, na tairi la akiba lilikuwa tairi zima, sawa na mengine manne. Mkuranga tulinunua korosho, akala moja, nyingine akaziweka kwenye kijaluba, kile kimfuko cha mlango. Alisema zile ni za gari. Sikujua kama anatania.

Tulipofika Bungu akaniomba nisimame pale njia inapochepuka kwenda Nyamisati. Akashuka. Nilidhani anataka kujisaidia, nikageuza uso. Dakika kumi zikapita. Nilipotazama alikuwa amesimama tu, mikono nyuma, ameelekeza uso kwenye ile njia ya vumbi inayokwenda pwani.

"Unasikia harufu ya tope la mikoko?" akaniuliza.

Bahari iko mbali na pale. Nilivuta pumzi, nikasikia vumbi na moshi wa mkaa. "Sisikii, mzee."

"Ngoja upepo ugeuke."

Tulingoja. Upepo haukugeuka. Aliporudi kwenye kiti chake alisema kwamba mara zote ameipita njia panda ile na gari hili akijiambia safari ijayo ataingia, na kwamba kule kuna kaburi la mkewe. Nikamwambia tuingie basi. Akakataa. Alisema leo ni ng'ambo ya kwangu.

Kibiti tulikula kwa mama lishe mmoja wa kijiji cha Mahege, wali wa nazi na kambale, ugali wa muhogo kwa mzee. Kwenye meza ya pili alikaa dereva mwenye gari jipya la aina ileile niliyoiona dukani, sasa limejaa vumbi hadi masikioni. Nikamdaka. Alilisifu: halimchoshi mgongo, halinywi mafuta, na baridi lake linamfanya mtu asitake kushuka. Ila ng'ombe alimvunjia kioo cha pembeni na alikingoja kipya wiki nyingi, maana mafundi wa huku hawajawahi hata kulifungua. Mzee Shomari alisikiliza ameinamia sahani, kama mtu anayesikia mtoto wa jirani amefaulu.

"Mnakwenda Mloka leo?" akauliza mama wa Mahege. "Na mvua ya juzi ile? Haya. Bebeni maji, na majani ya kuweka chini ya tairi mtayakuta hukohuko."

Kibiti hadi Mloka

Mwanzo njia ilikuwa mchanga na makorongo, na gari likaenda vizuri, uvungu wake ukipita juu ya mawe ambayo yangelitoboa saluni. Baada ya Mkongo udongo ukageuka mweusi. Mzee akasema, "Hapa sina la kukuambia kabla. Hapa sijawahi kufika nalo." Haikupita muda tukazama, tairi la mbele hadi katikati.

Niliposhuka na daftari langu kuona tumeingiaje, wakatokea akina mama watatu kutoka mashambani, majembe begani, na mbele yao mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mbili. Alifurahi kuniona kuliko nilivyostahili.

"Mmekuja! Tangu mwezi wa nne tunawangoja nyie."

"Sisi?"

"Njoo uone mwenyewe. Njoo, njoo, usiogope tope."

Akanishika mkono. Niliburutwa hadi kwenye shamba lake la mpunga. Nusu yake ilikuwa imelazwa chini, na nyayo za kiboko zimejaa maji. "Kuanzia mgomba ule hadi hapa. Andika." Mwenzake akaanza kutaja la kwake, la tembo, mahindi yote na mihogo. Ndipo nikaelewa kwamba kwao gari la kimo hiki, likiwa na mtu mwenye daftari, ni la watu wanaopita kukagua mazao yaliyoliwa na wanyama.

"Dada zangu, mimi ni mwalimu. Nimekuja kumwona mama yangu Mloka."

Yule mrefu aliniachia mkono. Uso wake ulishuka, nami nikaona aibu ambayo sikuitafuta. Kisha akasema, "Hata mwalimu anajua kuandika."

Basi nikaandika. Majina, mashamba, mnyama gani na nini alichokula, kwa hati ya ubaoni ili asije mtu kusema haisomeki. Niliyafikisha ofisi ya kijiji siku iliyofuata, sijui yatafika wapi tena. Nilipomaliza waliweka majembe chini, wakakata majani, wakasukuma. Mzee Shomari alipandisha kanzu, akaingia kwenye tope akisukuma na wao huku akiliambia gari, "Haya mama, haya mama." Lilitoka. Mbele tulikwaruza kisiki, nikasimama tukachungulia chini. Hakuna kilichovuja wala kilichodondoka.

Mloka

Tulifika jua linaanza kulegea. Athumani alitoka mbio, akanikumbatia, akazunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi kama wafanyavyo wanaume wote. Mama hakuwepo. Niliingia ndani kwanza niweke mizigo chumbani kwake, na nilipokitazama kitanda nikasimama mlangoni.

Kila mguu wa kitanda ulikuwa umekalia tofali.

"Athumani. Haya matofali ni ya nini?"

"Ya mafuriko, dada. Mto uliingia ndani hadi kwenye kifundo."

"Ulipopima yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Ukapima na matofali?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Dada, uliniambia pima kitanda cha mama. Nimepima kitanda cha mama. Nani anashusha kitanda kabla mto haujarudi kwake?"

Nimezaliwa nyumba hiyohiyo, nimelala kwenye vitanda vya juu ya matofali masika yote ya utoto wangu, na kuishi kwangu Korogwe kumenisahaulisha kwamba huku kimo cha kitanda kinatoka kwa mto. Nililala kifudifudi sakafuni, nikalipima tofali kwa mkono wangu. Vidole vinne.

Nikauliza, "Sasa analalaje juu hivi na magoti yale?"

"Halali hapa. Yuko dunguni."

"Dunguni na magoti yale?"

Athumani akaanza kuwaangalia kuku kwa makini.

Kwa msiojua, dungu ni kibanda cha juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga, ambako watu wanahamia msimu mzima kuamia ndege na kufukuza wanyama. Linapandwa kwa ngazi ya miti. Tulikwenda kwa miguu, na tulipokaribia nilimwona mama yangu anashuka. Alikuwa ametuona. Alishuka kinyumenyume, vipandio saba, kikapu begani, bila kupumzika hata kimoja. Alipogusa ardhi akageuka, akakuta nimesimama pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tatu." Kisha akashika goti, kwa kuchelewa.

Nilikasirika. Miaka kumi na minane ya magoti! Lakini alinuka moshi na majani mabichi, harufu yake ileile, na nilipomkumbatia nikaona mabega yake yamepungua. Hasira ikakosa pa kukaa.

Nyumbani alilizunguka gari bila haraka. Yeye na Mzee Shomari walisalimiana kwa Kindengereko, lugha ya kwetu, salamu ndefu ya kuulizana hadi hali ya maji. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akakaa. Nyayo zake zikatulia chini. Akainuka bila kushika kitu, akakaa tena. Athumani akapiga makofi, nikamtazama akaacha.

Mama akamwambia Mzee Shomari, "Unaliuza na una uchungu nalo?"

"Nina uchungu nalo sana, mama."

"Basi ni zima." Akanigeukia. "Hilo jipya ulilonieleza ungelipitisha kwenye tope la leo?"

Nikafikiria kile kioo cha katikati na harufu ile ya upya. "Ningeliacha Kibiti, mama."

"Umeona."

Dunguni

Asubuhi nilipanda naye dunguni. Ndege walikuwa wameshaamka, kwelea kwelea, wingu zima. Mama alivuta kamba zenye makopo, makopo yakalia shamba zima, ndege wakainuka wakahamia kwa jirani, na jirani akawarudisha. Ndivyo kunavyokucha kule. Tulikula kambale wa jana na chai ya mchaichai, miguu ikining'inia. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata mahali pengine popote, na palepale nikajua nitaikumbuka kwa maumivu.

"Mama, magoti yako yanapanda ngazi."

"Yanapanda."

"Sasa kwa nini miaka yote hii?"

Akavuta kamba. Makopo yakalia. Akangoja yanyamaze.

"Kila mwaka unakuja, Tatu. Unakaa siku sita, unalala na mimi kule nyumbani, unakula samaki kwa mikono kama ulipokuwa mtoto. Sasa nikija mimi kwako, wewe utakuja huku kufuata nini?"

Wenzangu, alikuwa amenikamata. Jambo hili hata kwenu sikulisema: nilikuwa nimepanga asirudi. Nilishampa chumba cha upande wa mchungwa. Nilishajiambia shamba Athumani atalimaliza, na Mloka nitakwenda kwenye misiba tu. Nilikuwa napima kiti cha kumchukulia mama, sikuwahi kufikiri kiti cha kumrudisha. Nikamwambia hivyohivyo, nikilia, na yeye hakunibembeleza. Aliendelea na ndege wake.

Baadaye akanyoosha mkono. "Nipe huo uzi."

Nikampa. Akalifungua fundo la Athumani kwa meno. Akasimama, akaukanyaga uzi, akauvuta juu hadi nyuma ya goti, akafunga fundo jingine.

"Kitanda changu cha kwako kiwe hapa. Kwako maji yanaingia ndani?"

"Hayaingii, mama. Ni mlimani."

"Basi kisiwe na matofali."

"Twende leo, mama."

"Na mpunga huu auvune nani? Nikishaanika nikaweka ghalani, njoo. Nitakaa mwezi. Halafu unanirudisha kwa gari hilohilo, na wewe unakaa siku zako sita. Usiponirudisha, hilo kopo la korosho sipandi tena." Alikuwa ameziona zile korosho za mzee kwenye kijaluba cha mlango.

Kurudi

Tuliondoka kesho yake. Mama alisimama barabarani hadi tulipokata kona. Kiti cha nyuma kilikuwa na mpunga wa mwaka jana, kambale wa moshi na mkeka. Tulirudi na Mzee Shomari kwa njia ileile hadi Bungu. Pale njia panda sikumwuliza. Nilikata kulia, nikaingia njia ya Nyamisati.

Akasema, "Mwalimu, utachelewa."

"Huku nako ni ng'ambo, mzee. Gari lako bado hujanipa."

Harufu ya tope la mikoko tuliisikia wote wawili kabla ya kuona maji. Nilimsubiri garini alipokwenda kuzuru kaburi, nikala korosho zake zote.

Mbagala alishuka, akachukua tasbihi yake kwenye kioo, akaweka kiganja juu ya boneti, likiwa bado la moto. "Ukipita hapa siku yoyote, piga honi," akaniambia. "Usisimame. Piga honi tu, nitakuwa nimesikia."

Basi gari ndilo hilo mnaloliona hapo nje. Mlango wa nyuma upigeni kwa nguvu. Shokapu nimebadilisha. Anayeniuliza anunue jipya au lililotumika, sijui nimwambie nini, zaidi ya kwamba ajue kwanza linakwenda kumfuata nani, na muuzaji wake apande naye.

Fundi seremala alileta kitanda wiki iliyopita. Nilimpa uzi, akaupima mara tatu bila kuuliza. Nimekitandika.

Jana Athumani alipiga simu. "Dada, mama ameniambia nitoe matofali chini ya kitanda chake."

Nikamwuliza kwani ameshahama dunguni. Akasema bado, mpunga ndiyo kwanza unaanza kuwa njano. Ila kila jioni anapita nyumbani, anaingia chumbani, anakaa ukingoni mwa kitanda, anainuka, anakaa tena, anainuka.

"Nimemwuliza anafanya nini, akanifukuza," akasema Athumani.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kitanda kipya cha mama, katika chumba nilichompa, simu sikioni. Nikainuka. Nikakaa tena.